Ukuta wa Kibla

Mimi skuli sikukaa. Niliacha kabla sijajua kuandika barua ya kueleweka, na hata haya mnayoyasoma binti yangu kayanyoosha herufi. Lakini nendeni Maskati mkaulize nani anaweza kuiangusha nyumba ya mawe iliyobanwa na nyumba mbili bila ya jirani kupata ufa hata wa unywele. Mtatajiwa mimi. Wahandisi wenye vyeti ukutani wananipigia simu. Nilianza na nyundo ya kuazima na karai bovu, leo nna mashine za kufukulia, nna magari, nna nyumba Qurum yenye bustani mbele na nyuma. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nataka kusimulia khabari ya ukuta. Anayesimulia khabari za kuta ni vizuri kwanza mjue kuwa anazijua.

Nilipoijenga ile nyumba ya Qurum, chumba cha mama nilikijenga kwa mpango wake mwenyewe. Aliniambia anataka dirisha kubwa la kibla. Nikampa amri msimamizi wangu, Muomani wa bara ya huku, na yeye akatoboa dirisha zuri upande wa magharibi. Mama alipokuja kukagua alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hiyo kibla ya kusalia," alisema. "Mimi nimesema kibla."

Lazima nieleze, maana asiyelelewa na mtu wa Unguja hatoelewa. Unguja, Makka iko kaskazini moja kwa moja. Kwa hiyo watu wa kule, khasa wazee, kaskazini huiita kibla. Upepo wa kibla, mlango wa kibla, shamba la upande wa kibla. Mama alihamia Maskati na neno lake mdomoni na hakulitua. Huku Makka iko jua linakotua. Basi akawa nazo mbili: kibla ya kusalia, ambayo ni magharibi, na kibla tupu, ambayo ni kaskazini. Sisi watoto tulikua nazo zote mbili bila ya kuhisi kitu, kama tunavyotoka Kiswahili tukaingia Kiarabu katikati ya jambo moja. Mke wangu na wake wa wanangu, waliozaliwa hapa, ndio waliokuwa wakipotea. Mama akimwambia mmoja autandike mkeka upande wa kibla, mkeka unazunguka nyumba nzima.

Nikatoboa dirisha jengine, la kaskazini. Lile la kwanza sikuliziba. Nyumba yangu, matofali yangu.

Sasa kazi yenyewe. Bwana mmoja alikuwa na kiwanja Matrah, nyuma ya soko, pale vichochoro vinapoanza kupanda majabali. Alitaka nimwondolee kifusi apate pa kuegesha magari ya wageni wake. Nilikwenda kupatazama asubuhi, nikasita kushuka garini. Nilikuwa napajua. Ndipo tulipokaa mara ya kwanza tulipotoka Unguja.

Tulikuja watatu: mama, mimi, na dada yangu akiwa mgongoni. Baba alibaki nyuma amalize mambo yake, kisha atufuate. Jamaa yetu mmoja alituweka pale, chumba cha mawe kisicho mlango, dari nusu magogo ya mtende na nusu mbingu, ambacho hakuna aliyekidai. Nakumbuka baraza ya mawe iliyozunguka kuta kwa ndani. Nilikuwa nikilala juu yake. Nakumbuka tundu refu lililochongwa mshazari katika mwimo wa mlango, mkono wa kulia unapoingia. Mama alikuwa akichomeka miswaki yetu humo. Na nakumbuka kidaka. Kilikuwa kikubwa, chenye upinde kwa juu, kirefu kama mimi wakati ule. Mama alipokiona alifurahi kama aliyekuta jamaa. Alisema watu wa nyumba hii walikuwa wema, wamejenga mihrabu ndani kwa ndani. Aliangalia jua linakotoka, akaona mambo yamekaa kama kwao, akatandika mkeka mbele yake.

Pale alisali, na pale alimwombea baba. Hakuwa akiomba kwa siri. Alikuwa akisema kwa sauti, Mlete salama, na mimi pembeni naitikia amin, na dada anacheza na ncha ya kanga yake. Kila sala. Mlete salama.

Hakuletwa. Baba alipata homa Unguja kabla ya kupata safari, akafa, na khabari ilifika kwa mdomo wa abiria. Tukahama pale muda si mrefu baadaye. Miaka mingi baadaye mvua kubwa iliteremsha wadi, mto mkavu wa majabalini, ikaziangusha zile kuta, na mimi nilipita barabara ya chini mara elfu bila ya kupanda kutazama.

Sikumwambia mtu. Nilipeleka mashine nikaanza kazi. Nikifanya kazi sijui kulia.

Ndipo akaja yule mwanamke. Mgeni, mtu wa Ulaya, nywele nyeupe, kofia ya majani, na Kiarabu chake kilikuwa cha kwenye vitabu, akisema kama anakhutubu. Mama alikuja kumwita Bibi Mawe, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Kazi yake kuchimbua magofu, na alikuwa na kibali cha watu wa mambo ya kale. Alinyanyua mkono, na mashine yangu ikazimwa. Nilikasirika, nisiseme uongo. Hakuna anayezima mashine yangu. Lakini alinishika kiwiko akanipeleka kwenye ule mwimo wa mlango, uliokuwa bado umesimama, akanionesha tundu la miswaki. Akasema neno ambalo mimi nililisikia kanisa.

Jioni nikawatangazia wenzangu kwenye mkahawa wetu wa Khuwair kwamba nimegundua kanisa. Nililieleza vizuri, nikaliongezea na msalaba. Siku ya pili yule bibi akanirekebisha taratibu: kanisi, siyo kanisa. Sinagogi, nyumba wanayosalia Mayahudi. Mkahawani wale jamaa hawajaniacha mpaka leo. Nikiingia mmoja huuliza, "Hujambo askofu?"

Aliniambia kuwa zamani walikuwepo Mayahudi pwani hii, Maskati na Sohari, wafanya biashara waliokuja kwa bahari. Makaburi yao yanajulikana. Nyumba yao ya sala hakuna aliyepata kuigusa, na yeye ameitafuta mpaka nywele zimekuwa vile. Lile tundu la mwimoni lingeweza kuwa la kijaluba chao cha maandiko, wanachokibandika mlangoni. Lakini lingeweza kuwa la kitu chochote. Baraza ya mawe pia, hata nyumba nyengine zinazo. Kilichobaki ni kidaka. Mawe yake yaliyochongwa upinde alikwisha kuyapata, yamelala chungu kwenye pembe moja, pale kuta mbili zilipokutana. Ukuta mmoja, kwa kukisia, umeelekea Makka. Mwengine umepinda kaskazini, upande wa Sham, iliko Baitul-Mukaddas, yaani Yerusalemu. Kidaka kilikuwa ukuta upi? Kama ni wa Makka, basi ni kijisala cha Waislamu, viko vingi, na mimi niendelee na kazi yangu. Kama ni wa Sham, basi ndio yenyewe, na hapaguswi.

Mimi upande wake siukumbuki, lakini nikamwambia, kwa fahari, maana nilikuwa nna kitu ambacho vyuo vyote vya kwao havina, "Mama yangu alikaa humu."

Nikampeleka mama. Alikuwa bado anatembea, kwa fimbo. Tulimkalisha juu ya kipande cha ile baraza, akazungusha macho. Kuta zilikuwa zimebaki za magotini, na yeye alikuwa akitafuta chumba. Kiarabu cha mama ni cha kununulia samaki, kwa hiyo mimi nilisimama katikati. Bibi Mawe aliuliza, nami nikatia Kiswahili. Mama alifikiri kidogo.

"Kilikuwa ukuta wa kibla," alisema.

Nikageuka nikasema kwa Kiarabu: ukuta wa kibla. Neno lenyewe ni moja, halina hata haja ya kutafsiriwa.

Niliuona uso wa yule bibi ukishuka, kama dari inavyoshuka ukitoa mhimili. Alimshukuru mama kwa adabu, akamshika mkono kwa mikono miwili. Kisha akaniambia nimpe nafasi ayaokote yale mawe ya upinde, halafu niendelee.

Tukarudi Qurum. Jua la alasiri lilikuwa mbele yetu, mama amekaa kando yangu, upepo wa bahari unaingia kwake.

"Baba, nifungie kioo cha kibla," alisema. "Upepo unanipiga shingo."

Nikapandisha kioo chake, cha kulia, cha upande wa bahari. Na kidole changu kikabaki pale pale kwenye kitufe. Magharibi ilikuwa mbele ya gari, inaniumiza macho. Kibla ya mama ilikuwa mkono wa kulia.

Nilimteremsha, nikamtia ndani, nikarudi kukaa garini kwenye kivuli cha geti langu. Kumwambia yule bibi lilikuwa jambo jepesi, simu moja. Lakini mama angeuliza kwa nini ukuta una maana hiyo, na mimi kumdanganya mama sikupata kujifunza. Na mama hakuwa mwanamke wa kuambiwa jambo kama hilo. Mama yangu, kila sala ya faradhi alikuwa akiisali mara mbili. Adhuhuri, akitoa salamu, anasimama tena anaisali adhuhuri. Alasiri hivyo hivyo. Tangu nilipopata akili namwona hivyo. Nilikuwa nikijisifu kwalo, harusini, matangani, popote: hakuna mwanamke katika mji huu anayesali kama mama yangu. Sasa nimwambie nini? Kwamba zile dua zote za baba alizipeleka kwenye kidaka cha Mayahudi, kimeelekea Sham?

Mimi siangushi ukuta kabla sijaweka mihimili. Asubuhi niliwaambia wafanyakazi wasiguse kitu, mwenye kiwanja nikamwambia mashine ina hitilafu, na mimi nikenda kwa sheikh mmoja ninayemwamini. Nikamweleza kana kwamba ni mambo ya mtu mwengine. Sheikh alinijibu bila hata ya kufungua kitabu: mgeni asiyejua, aliyejitahidi kutafuta kibla akakosea, sala yake ni sala, hadaiwi kitu. Nikatoka mwepesi. Nikaona hiyo ndiyo akili yangu ileile inayonipa kazi, natengeneza kabla ya kubomoa.

Nilimkuta mama kwenye dirisha lake, dirisha la kibla, anachambua mchele kwenye ungo.

"Mama, kile kidaka cha Matrah," nilisema. "Kibla ya kusalia, au kibla?"

"Kibla. Si nilikwambia?"

"Basi haikuwa mihrabu."

Vidole vyake havikusimama. Alitoa jiwe dogo, akaliweka kando.

"Nnajua," alisema.

Akanisimulia, macho kwenye mchele. Khabari ya baba ilipofika, alikaa eda mle chumbani. Jirani mmoja, mwanamke wa Matrah, alikuja kumpa pole na kumletea sahani ya samaki. Alimkuta mama juu ya mkeka. Akangoja mpaka akatoa salamu. Hawakuwa na lugha ya kusemezana. Basi yule mwanamke aliiweka sahani chini, akamshika mama mabega kwa nyuma, akamgeuza, polepole, kama anavyogeuzwa mtoto kuoshwa uso. Akamwonesha kwa mkono: huku. Kisha akakaa naye wakalia pamoja, na mama akilia, alisema, alikuwa akijua kwamba yule mwenzake anamlilia mumewe, na yeye analia mengine.

"Dua zote za baba yako zilikwenda huko," alisema. "Hata moja haikwenda nilikodhani."

Nikamuuliza kama ndiyo maana anasali mara mbili.

"Nnalipa. Hesabu yake siijui, basi nnalipa tu."

Sifa yote ile niliyojipigia mjini. Nikamtolea mihimili yangu. Nikamweleza maneno ya sheikh, moja moja, sikuacha kitu, na nikaongeza sauti ili yaingie. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alisema sheikh kasema kweli, na kwamba hata yeye alifundishwa chuoni akiwa mdogo kuwa Mwenyezi Mungu hana upande. Akautikisa ungo kidogo.

"Lakini huyo sheikh hajapata kumngoja mtu," alisema. "Sala zinalipika, baba. Ile dua nitailipaje, na mwenyewe keshakufa?"

Nilikuwa nimechukua mihimili kwenda kushikilia ukuta ulioanguka wakati mimi niko mdogo, na yeye alikuwa akikaa ndani ya kifusi chake siku zote, anapika, anatulea, anacheka na wajukuu.

Baadaye aliniuliza kilikuwa cha nani. Nikamwambia: Mayahudi wa zamani. Aliuliza kama walikuwa wenyeji au wageni. Nikamwambia nilivyoambiwa, wageni, waliokuja kwa bahari, wakakaa, kisha hawakuonekana tena.

"Mwambie yule bibi ukweli," alisema. "Asije akawapoteza na wao."

Nikenda Matrah mwenyewe, simu haikutosha. Nikamweleza Bibi Mawe khabari ya kibla ya Unguja, nikamchorea kwa fimbo mchangani: hapa Unguja, hapa Makka, hapa sisi. Aliitazama ile michoro yangu kwa muda. Akavua kofia, akakaa juu ya baraza, akafunika macho kwa kiganja. Nikajitia kushughulika na mashine. Walipofukua chini ya ule ukuta wa Sham, mtaro wa msingi ulikuwa na nafasi ya kidaka, na saruji ya zamani, ule udongo wa kuchoma wa huku, ilifanana na iliyoganda kwenye mawe ya upinde. Nikawasaidia kuyanyanyua kwa mashine yangu, na hakuna jiwe lililopata hata mkwaruzo. Waulizeni. Pakazungushwa uzio. Kazi niliikosa na mwenye kiwanja hanisalimii, na mimi sikupungukiwa.

Mama akataka kurudi. Nikampeleka asubuhi kabla ya joto. Alipofika mlangoni alitia vidole katika lile tundu la mwimo, akavipitisha juu na chini, kama anatafuta mswaki. Akaingia, akasimama mbele ya mahali pa kidaka, mbali kidogo, pale pale palipokuwa mkeka. Bibi Mawe alisimama kando yake. Mama alimtazama, kisha akaniambia nimuulize kitu.

"Hawa waliokuwa wakiomba hapa, walijibiwa?"

Nikatafsiri. Safari hii nililipima kila neno. Yule bibi alisema amechimbua nyumba za sala katika nchi nyingi. Amekuta taa, amekuta viti, amekuta vizingiti vilivyolika kwa miguu. Hilo alilouliza mama hajalikuta popote.

Mama akatikisa kichwa, kama mtu aliyejibiwa khabari za jamaa zake.

"Basi sawasawa na mimi," alisema, akanipa mkono nimtoe.

Hakuacha kulipa. Nilidhani ataacha. Mpaka alipokuwa hawezi tena kusimama alisali akiwa ameketi, mara mbili, na mwisho kwa macho, mara mbili. Sikujisifu nalo tena kwa mtu.

Amefariki mwaka huu. Kaburini tuliteremka mimi na wanangu wawili. Juu kulikuwa na watu wengi, mama alikuwa na watu, na mmoja wao, binamu yetu aliyekuja karibuni kutoka Unguja, aliinama akanihimiza, "Muelekeze kibla."

Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nikauliza, "Ipi?"

Watu walidhani majonzi yamenichukua. Wachimbaji walikuwa wamelipiga kaburi sawasawa, sikuwa na la kurekebisha. Lakini nilimshika mabega, juu ya sanda, nikamgeuza mwenyewe polepole ubavu wa kulia, uso ukatazama magharibi, kibla ya kusalia. Na nilipomlaza vizuri ndipo nikaona kichwa chake kimekaa wapi. Kaskazini. Uso kibla moja, kichwa kibla ya pili.

Nikapiga magoti pale chini na jengine likanijia, na kichwa changu kisichosoma ndicho kilicholipata, wala si sheikh wala bibi wa mawe. Baba kalazwa Unguja. Huko maiti huelekezwa kaskazini. Miaka yote hii, tangu siku waliyomzika, uso wake umetazama pande hizi tulipo sisi.

Lingemfaa mama hilo. Na wa kumwambia alikuwa ndiye huyo, bado nimemshika mabega, na juu walikuwa wakisubiri nitoke.